Mandat Imekwisha, Mkubwa Yuko

Tarehe 19 Desemba 2016, saa sita ya usiku, muda wa wakubwa wa nchi yetu kushika madaraka, mandat yao, ulikwisha. Kesho yake asubuhi nilimsindikiza dada yangu kwenye ofisi moja ya serikali hapa Beni. Mwanawe alikuwa ameuawa shambani, nyuma ya mtaa wa Mulekera, na mwili ulikuwa bado kule. Bila askari wa kutulinda njiani, hatungeweza kuufikia.

Mkubwa wa ofisi hiyo alitusikiliza vizuri. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Pole sana, mama. Mais mandat yetu ilikwisha jana. Siwezi tena kutoa amri ya kutuma basoda wa kuwalinda."

Dada yangu akamwangalia. "Papa, kama ilikwisha, juu ya nini ungali mu kiti?"

"Nangojea mwenye atanirithi."

"Atakuja lini?"

"Hata mimi hapana jua, mama."

Nyuma yetu, kwenye foleni ya waliongojea, mwendesha pikipiki mmoja akasema kwa sauti: "Donc kiti iko na mwenyewe, kazi ndiyo haina!"

Watu wakacheka. Dada yangu alikunja tena kitenge alicholeta cha kumfunika mwanawe, akakikumbatia. "Mutoto wangu pia anangojea, papa. Na mvua inanyesha."

Wasomaji wangu, mimi sijui sheria. Najua tu kwamba kwetu, mtu akikubali kukalia nafasi ya baba, hawezi kusema kilio cha nyumba hiyo hakimhusu.

Bwana, umpokee mpwa wangu pale alipo, pamoja na wote waliolala mashambani bila msalaba. Uwape raha isiyo na mwisho. Amina.