Siku Riziki Aliposhushwa kwenye Treni

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu Neema, kuliko hata ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, na mimi na rafiki yangu Riziki tulikuwa ndani ya treni, tunatoka Ujerumani kwenda Denmark kutembea. Tulikuwa wanafunzi, umri wako huo huo.

Nimetaka kukusimulia tangu Jumapili, ulipopiga simu ya video kutoka huko chuoni kwako Uholanzi, tukakuona sote tukiwa sebuleni kwa baba yako. Leo nimekaa, chai iko mezani, tramu zinapita huko chini barabara ya Queen hapa Toronto, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu najua unakisoma, hata kama ukijibu utajibu kwa Kiingereza. Si neno. Jibu kwa lugha uipendayo, mradi ujibu.

Mimi wakati huo nilikuwa nasomea misitu katika mji mdogo wa chuo, katikati ya Ujerumani. Nimekulia Tukuyu milimani, kwa hiyo nilijidanganya kwamba baridi naijua. Riziki yeye alitoka Kigoma. Baba yake alikuwa karani wa stesheni ya reli, na binti alipopata nafasi ya kwenda kusomea kemia Ulaya, mtaa mzima uliwasha majiko. Alinisimulia mwenyewe jinsi kwaya ya kanisani ilivyomsindikiza ikiimba mpaka kwenye behewa, na jinsi mama mmoja asiyemjua hata kwa jina alivyovua khanga yake akamfunga mabegani. Alikuwa akisimulia anacheka, nami nacheka naye. Sikujua kwamba furaha ile ya watu ilikuwa inamlemea kama gunia.

Tulikaa bweni moja, ghorofa moja, tukapikia jiko moja. Kila asubuhi Riziki alitoka na begi mgongoni, jioni anarudi. Likizo zikija tunakwenda kutembea, maana tiketi za wanafunzi zilikuwa rahisi na sisi tulikuwa na hamu ya kuona kila kitu. Alipenda kupigwa picha mbele ya makanisa makubwa na juu ya madaraja, mkono ameunyoosha kama mtu anayemkaribisha mgeni ndani. Picha alizituma Kigoma. Baba yake alizibandika ukutani ofisini, abiria wakija kuulizia treni wanaonyeshwa kwanza mtoto.

Basi, siku hiyo tulikuwa wanne: mimi, Riziki, na Wajerumani wawili wa darasani kwangu. Treni ilisimama Flensburg, mji wa mwisho kabla ya mpaka, polisi wakapanda kukagua pasipoti. Aliyetufikia alikuwa kijana mpole tu. Ya kwangu aliitazama akanirudishia. Ya Riziki aliifungua, akageuza kurasa, akazirudia tena.

"Kibali chako cha kuishi kimekwisha," akasema. "Kimekwisha siku nyingi."

Nikadhani amekosea. Nikaanza kumweleza kwa Kijerumani changu cha kuungaunga kwamba huyu ni mwanafunzi, tunasoma chuo kimoja. Riziki alisimama, akachukua begi lake juu, akamfuata yule polisi. Wenzetu wakaniambia nibaki, mambo yatatatuliwa, atatukuta Copenhagen kesho. Hawakuwa na roho mbaya, walikuwa hawajui kwamba kwa watu kama sisi mambo hayatatuliki hivyo. Riziki alipita dirishani pale nje, na hakugeuka kunitazama. Hilo ndilo lililoninyanyua. Mtu anayetegemea kusaidiwa hugeuka. Nikavuta koti langu nikashuka, mlango ukajifunga nyuma yangu.

Walimweka ofisini mpaka mchana, mimi nimekaa pembeni yake. Walimuuliza kwa nini hakuongeza muda wa kibali. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba chuo hakikumpa cheti cha kuonyesha bado ni mwanafunzi. Wakamuuliza kwa nini hakikumpa.

"Siendi darasani," akasema.

Wakampa karatasi ya kurudi mjini kwetu kuripoti ofisi ya wageni, wakatuachia. Tukakaa kwenye benchi la stesheni. Yeye ndiye aliyeanza kusema. Aliniambia kwamba mwezi wa kumi na moja aliitwa mbele ya darasa kujibu swali. Jibu alilijua. Lakini Kijerumani kilimkimbia, akasimama pale mdomo wazi, mwalimu anasubiri, na mtu mmoja nyuma akacheka. Pengine alicheka mambo yake mengine. Kesho yake Riziki akashindwa kwenda. Kesho kutwa ikawa vigumu zaidi, kwa sababu sasa angeulizwa jana alikuwa wapi. Basi ikawa hivyo hivyo.

"Sasa kila asubuhi ulikuwa unakwenda wapi na begi?" nikamuuliza.

"Bustani ya mimea ya chuo. Lile banda la vioo, la mimea ya nchi za joto. Mle ndani kuna joto na kuna migomba. Nakaa chini ya mgomba mpaka wafunge."

Majira yote ya baridi, Neema. Mimi nikiwa naye jiko moja, namwazima chumvi.

Hamburg kulikuwa na mama mmoja wa Kihaya, muuguzi, tuliyekuwa tukimwita Mama Koku, ambaye alizoea kuwakaribisha wanafunzi wa Kitanzania sikukuu zikifika. Sikuwa na mwingine wa kumkimbilia, nikampigia, akasema njooni. Tulifika kwake alasiri. Alitupokea, tukamwamkia, akaweka maji ya chai, na mimi, mwanangu, badala ya kunyamaza nikaanza kumsomea Riziki mashitaka. Kwamba ametudanganya wote. Kwamba baba yake anabandika picha ukutani kumbe mtoto anakaa chini ya mgomba. Nilikuwa nimeogopa, na woga wangu ulitoka kwa sura ya hasira.

Mama Koku alizima jiko.

"Tuse," akaniambia, "mnalala ghorofa moja?"

"Ndiyo, mama."

"Mara ya mwisho kumuuliza hali yake, halafu ukakaa chini ukasubiri akujibu, ilikuwa lini?"

Za asubuhi nilimpa kila siku. Nzuri alinijibu kila siku. Huku mmoja amesimama mlangoni na mwingine anafunga viatu.

"Basi usimhukumu," akasema Mama Koku. "Wewe leo umeshuka kwenye treni, umefanya jambo jema, na Mungu amekuona. Usiliharibu kwa mdomo." Kisha akamgeukia Riziki, sauti yake ikashuka kabisa. "Na wewe mwanangu, simu ile pale ukutani. Mpigie baba."

Riziki akasema hawezi. Akasema angalau asubiri mpaka apate la kumwambia. Mama Koku akamwambia kwamba la kumwambia analo, ndilo limemkondesha hivyo. Akavuta kigoda akakiweka chini ya simu, akakaa jirani yake, mkono wake kwenye goti la Riziki. Riziki akapiga zile namba, moja moja.

Simu za zamani kutoka Kigoma zilikuwa za kupiga kelele, kwa hiyo kila neno la yule mzee tulilisikia sote.

"Haloo! Stesheni!"

"Baba, shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba! Riziki! Mbona unapiga leo? Uko salama?"

Akasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayeruka maji. "Baba, sisomi. Niliacha kwenda darasani tangu mwezi wa kumi na moja. Kibali kimekwisha, leo polisi wamenishusha. Nimewadanganya, baba. Zile picha zote, nimewadanganya."

Upande wa pili tulisikia watu wakiongea mbali, na mtu akicheka, halafu mlango ukifungwa. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nikingoja mzee alipuke.

"Umekula leo, mama?"

Riziki akamtazama Mama Koku.

"Nakuuliza, umekula?"

"Bado, baba."

"Hapo ulipo kuna mtu mzima? Mpe simu."

Mama Koku akapokea, wakasalimiana kama watu wanaofahamiana, na yule mzee akamwambia tu, "Dada, nakuomba umlishe kwanza. Hayo mengine yatangoja." Kisha akataka kuongea na mwanawe tena.

"Riziki, sikiliza. Nilikupeleka ukasome, sikukupeleka ukateseke kimya. Ukitaka kubaki ujaribu tena, jaribu. Ukitaka kurudi, rudi. Chumba chako kipo."

"Na watu je, baba? Kanisani watasema nini?"

"Hao niachie mimi. Watasema, halafu watachoka."

Hapo ndipo alipolia. Alikuwa hajalia kwenye treni wala kwa polisi. Alilia mpaka akateleza kutoka kwenye kigoda akakaa sakafuni, na mimi nikakaa naye sakafuni mpaka Mama Koku alipotuita kula wali na samaki.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilinyooka baada ya hapo, maana hakikunyooka. Nilimsindikiza ofisi ya wageni na chuoni, nikawa msemaji wake pale maneno yalipomkwama, lakini chuo kilikataa kumrudisha. Kabla ya majira ya joto alirudi Kigoma. Watu walisema, kama baba yake alivyotabiri, na wengine walichukua muda mrefu kuchoka. Mwaka uliofuata alikwenda Tabora kusomea ufugaji wa nyuki. Leo ana mizinga msituni, ana watoto watatu, na akinipigia anaongea mpaka sikio linaniuma. Aliwahi kuniambia kwamba asingepiga ile simu siku ile, hajui kama angemaliza mwezi akiwa hai. Nilikuwa nimefikiri tunazungumzia masomo.

Sasa nije kwako.

Jumapili ulipopiga, ulicheka kabla hata hatujasema la kuchekesha. Ilikuwa adhuhuri huku Toronto, kwenu huko Uholanzi jua lilikuwa bado halijazama, na pazia la chumba chako lilikuwa limefungwa. Baba yako hakuliona, yeye alikuwa anaona ile picha yako ya Lisbon na ile ya Prague, ambazo amewaonyesha wenzake wote kazini kule Vaughan. Mama yako alikuuliza masomo, ukajibu yako sawa, ukahamia kwenye habari ya hali ya hewa. Huenda ni uzee wangu tu. Huenda ulikuwa umechoka, ulitoka safarini. Kama ni hivyo, nicheke tu, na nitafurahi kuchekwa.

Lakini naikumbuka sherehe ya kukuaga pale ukumbini kanisani. Wamama wa Kikongo walikuimbia, jirani yenu wa Burundi alikushonea gauni la kitenge, mchungaji akakuita mbele akasema wewe ni mwanga wa vijana wa mtaa wetu wa Parkdale. Yote yalitoka moyoni mwao. Hata hivyo nilikutazama ukiwa pale mbele, na nilitamani mtu mmoja akunong'oneze kwamba unaruhusiwa pia kushindwa. Sikukunong'oneza. Nakwambia leo.

Mwanangu, jambo likikushinda huko, liseme lingali dogo. Darasa moja ulilokosa linasemeka kwa urahisi, muhula mzima unakaba koo. Usingoje mpaka uwe na habari nzuri ya kuchanganya na mbaya ndipo upige. Baba yako na mama yako walitembea njia ndefu mpaka wakafika hapa, wameona mengi ambayo hawajakusimulia, na hawatavunjika kwa kusikia kwamba Neema amefeli mtihani au amechoka na upweke. Kinachovunja wazazi ni kuambiwa na watu wengine, wakati ambapo hawawezi tena kufanya kitu. Ukiona kwa baba ni vigumu, anzia kwangu. Mimi sishangai upesi.

Na kama wewe u mzima kabisa, na pazia lilikuwa pazia tu, basi tazama walio jirani yako. Katika bweni lako yupo anayetoka kila asubuhi na begi, na hakuna anayejua anakwenda wapi. Mgongee mlango, mpelekee hata bakuli la wali. Ukimuuliza hali, keti. Usimuulize umesimama. Akikwambia la kukutisha, usimkemee, maana nakufahamu, wewe na mimi hasira zetu ni za ukoo.

Tembea uone dunia, piga picha, furahi. Ninapenda kuziona, usiache kuzituma. Ila mara moja moja tutumie na ile ambayo nywele hazijachanwa.

Mungu akutangulie katika kila mji utakaoshukia. Akupe usingizi ulalapo na hamu ya chakula uamkapo, akuzungushie watu wema, nawe akujalie kuwa mwema kwa aliye peke yake. Na siku utakayoamua kurudi, iwe umefaulu au umeshindwa, akurudishe mzima, utukute tuko uwanja wa ndege tunakusubiri. Amina.

Shangazi yako, Tuse.