Walimvua Msichana Wangu Viatu

Viatu vyenyewe vilikuwa vya plastiki, rangi ya bluu, nilivinunua Makindu. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna watu mahali fulani ng'ambo ambao hadi leo wanaamini mtoto wangu hakuwahi kuvaa kiatu.

Ilikuwa miaka ya tisini ikianza, mvua imetunyima, na kikundi chetu cha mwethya kilikuwa kinachimba mitaro ya kuzuia udongo upande wa Kathonzweni. Mwethya ni kusaidiana: leo shamba lako, kesho langu, na jembe haliinuki bila wimbo. Wageni wa mradi walikuja na kamera ya video, mwanamke mzungu ameibeba begani. Msichana wangu, ambaye hakuwa ameanza shule, alikuwa ameketi kivulini akila muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Mimi nilikuwa juu kwenye mteremko. Nikaona mfanyakazi wa mradi aliyekuwa akiwatafsiria, Mkamba kama sisi, anamwinamia mtoto, anamvua viatu, anachukua sahani, anaiweka nyuma ya mti. Ndipo kamera ikamwelekea.

Kufika pale chini, wamemaliza.

"Mbona umemvua mtoto viatu?"

"Mwaitu, tulia. Ni picha tu. Hawa ni wageni."

Mwaitu! Eti ananiita mama kwa heshima, na sahani ya mtoto wangu ameificha kama mwizi.

Nilirudi juu nikamwambia susu, yule nyanya aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Susu alichimba mitaro hiyo hiyo wakati wa mkoloni, kwa kulazimishwa, askari amesimama nyuma yake. Susu akatema mate, akainua jembe na kuanza, nasi tukaitikia kwa Kikamba:

*Mgeni ana jicho moja, amelibeba begani,*
*Anatafuta njaa, ameificha sahani,*
*Anachimba kwa jicho, mtaro uko vile vile.*

Tulicheka mpaka majembe yakatushinda. Yule mzungu alitabasamu, akatikisa kichwa akifuata mdundo. Akarekodi yote.

Baadaye wakatuita kanisani tujione. Madirisha yalizibwa kwa blanketi, televisheni ikaunganishwa na betri ya gari. Mwanzoni ilikuwa vigelegele. "Ona mgongo wako!" "Wacha, huo ni wako!" Halafu mwanamume asiyeonekana akaanza kuongea Kiingereza juu ya sauti zetu. Wengi hawakumwelewa. Mimi nilisoma sekondari. Nilimwelewa vizuri sana. Alisema wanawake hawa wanaimba kuwashukuru marafiki zao weupe waliowafundisha kuchimba mitaro. Kuwafundisha! Susu ameketi pale! Halafu uso wa mtoto wangu ukajaa kwenye kioo, kisha miguu mitupu. Akasema mtoto huyu hajui kiatu, wala hajui atakula lini.

Msichana wangu alikuwa mapajani mwangu. Akanishika kidevu. "Mama, huyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Viatu vyangu viko wapi?"

Nilisimama. Nikamuuliza yule mfanyakazi, kanisa zima likisikia, "Nani aliwaambia tunashukuru?"

Akaangalia sakafu. "Waliniuliza wimbo unasema nini. Ningewaambia nini? Kwamba mnawatukana?"

"Ndiyo!" Susu akajibu kabla yangu. "Kazi yako ni mdomo, na bado umeshindwa kuutumia!"

Nikamwambia arudishe mkanda mwanzo, halafu azime sauti. Akamtazama mzungu. Nikamwambia asimtazame mzungu, anitazame mimi. Akazima.

Basi picha zikaanza bila yule mwanamume. Susu akaimba, wenzangu wakaitikia papo hapo, midomo yetu kwenye kioo na midomo yetu kanisani ikienda pamoja. Mimi nikasimama kando ya televisheni nikiyasema maneno yale kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, nikimtazama yule mwanamke wa kamera. Uso wake ulikuwa mwekundu. Picha ya mtoto ilipotokea, wimbo ukakatika. Nikasema peke yangu: ana viatu vya bluu, alikuwa anakula, sahani iko nyuma ya mti.

Mzungu alilia. Sikumfariji, sikuwa na kazi hiyo. Nilitaka ile sauti ifutwe. Akasema mkanda mwingine ulishapelekwa kwao.

Kwa hiyo huko bado inaongea. Hasira hiyo sijaimaliza, na sioni ni kwa nini niimalize.

Lakini siku iliyofuata nilikuwa nafagia uwanja, bila viatu, jinsi ninavyofagia kila asubuhi. Msichana wangu akatokea na mkebe wa mafuta ya kupikia begani, jicho moja amelifumba, akinielekezea. Nikasimama anipige picha.

Akaushusha mkebe, amenuna.

"Mama, vaa viatu kwanza."