Nyumba Tuliyoiruka

Nilikuwa na miaka mitatu kazini, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kisicho mbali na Kisawasawa, mtendaji wa kijiji aliponiomba nisaidie kuandikisha wazee wasiojiweza, ili wapate kadi za matibabu bila malipo. Nilikubali kwa furaha. Darasani nilikuwa nafundisha uraia, na wanafunzi wangu walijua kwa moyo kwamba raia wote wana haki sawa. Nilijiona mtu wa haki kweli kweli.

Tulipita nyumba kwa nyumba, mimi na mama mmoja wa kamati ya afya. Siku ya tatu tukafika mwisho wa kijiji, mashamba ya mpunga yanapokutana na malisho. Palikuwa na nyumba ndogo ya udongo, na nyuma yake zizi lililojaa ng'ombe. Jua lilikuwa kali na viatu vyangu vilikuwa vizito kwa tope.

"Hapo kwa Wasukuma," mwenzangu alisema. "Wenye ng'ombe wote wale watakuwa na shida gani?"

Sikubisha. Tukageuza.

Wiki mbili baadaye nilikwenda zahanati kutafuta dawa ya kikohozi. Kwenye benchi nikaketi karibu na bibi mmoja aliyekuwa akijikanda magoti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, tukaanza kuzungumza. Nikamuuliza kama ameandikishwa kwenye kadi za wazee.

"Hapana," alisema. "Waandikishaji niliwaona. Walifika kwa jirani, wakaangalia kwangu, wakarudi."

Nikamuuliza anakaa wapi. Akaonyesha kwa mkono upande wa malisho. Kikohozi chenyewe nilikisahau.

Jumamosi nilikwenda kwake. Alinitolea kigoda, nami kabla ya kukaa nikasema, "Bibi, mmoja wa wale waliorudi ni mimi."

"Najua, mwalimu," alisema. "Unavyotembea haraka, nani asiyekujua?"

Nilicheka kwa aibu. Nikamuuliza habari za ng'ombe. Zizi lilikuwa la jirani. Yeye na mumewe walikuja na ng'ombe wao miaka mingi nyuma, ng'ombe wakaisha kwa ugonjwa. Mume naye alifariki, kaburi lake lilikuwa pale pale kando ya migomba. Tangu hapo aliishi kwa vibarua vya kupanda mpunga, na sasa magoti yalikuwa yamekataa. Niliandika jina lake. Nikamweleza kwamba orodha itasomwa kwenye mkutano wa kijiji, na wananchi ndio watakaoipitisha. Nikamwomba aje.

Siku ya mkutano, jina lake liliposomwa, baba mmoja mkulima alisimama. "Mwenyekiti, hao ni watu wa kuja. Na wana ng'ombe. Tuanze na wetu."

Watu wakaguna, wengine kwa kukubali. Nilinyoosha mkono. Nilisema kwamba nilikwenda kuhakikisha, na bibi hana hata ndama. Nilisema pia kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, nilipita nyumba yake bila kubisha hodi. Kisha nikasema, "Mimi mwenyewe ni mtoto wa mtu wa kuja. Baba yangu alihamia Kidatu kukata miwa. Nimezaliwa kule, nawafundishia watoto wenu hapa, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu ni wapi."

Ndipo bibi akainuka polepole, akishikilia bega la mwanamke aliyekaa mbele yake.

"Wanangu, siku ya kujenga zahanati mlipita mkihesabu watu wa kubeba matofali. Kwangu mlifika. Nami nilibeba. Leo kwangu mmepotea njia?"

Yule mkulima aliinamisha kichwa, kisha akacheka. "Kweli alibeba," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nayapokea. Mwenyekiti, nimefuta maneno yangu."

Mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi kiasi kwamba mwenyekiti hakusumbuka kuihesabu. Mama wa kamati, mwenzangu wa siku ile, alinyoosha yote miwili.

Kadi ilitoka kabla ya masika. Tangu mwaka huo, somo la uraia nimelifundisha kwa sauti ya chini kidogo, na kila mwaka nawaambia wanafunzi jinsi nilivyowahi kuiruka nyumba ya mtu. Wanapenda sana kusikia mwalimu amekosea.

Asubuhi moja, baada ya kuanza kutibiwa kwa ile kadi, bibi alikuja mpaka shuleni, anatembea vizuri kuliko nilivyotarajia, amebeba mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikamsalimia kwa Kisukuma nilichojifunza kwake, "Mwangaluka!" Akacheka matamshi yangu hadi akafuta machozi. Tuliitafuna ile michembe ofisini, walimu wote, na chai ya rangi, na yeye katikati yetu akituuliza mmoja mmoja tumetoka wapi.