Mama Koili na Mashine Mbili

Kibaraza cha nyumba ya pembeni kiko kimya. Anayepita kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwamba kuna kitu kimepungua hapo. Ataona ukuta wa chokaa, benchi tupu na misumari isiyoning'iniza chochote. Sisi wa mtaa ndio tunaousikia ule ukimya. Kwa miaka mingi palikuwa na mvumo pale, tangu asubuhi hadi watu wanapoanua nguo, kwa sababu Mama Koili hakurudisha feni kwa mwenyewe kabla haijashinda ikizunguka mbele ya macho yake. Mwenye mtoto msumbufu alimleta alale benchini, apepewe bure na feni ya jirani.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kusuka upya mota zilizoungua: za feni, za blenda, za mashine za kufulia. Aliutoa waya wa shaba uliogeuka mweusi, akazungusha mwingine mahali pake, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka koili ikajaa. Alianza kwa kumshikia mumewe waya. Mume alipofariki, wateja walikuja na nyuso za msiba kuchukua vitu vyao vibovu, wakakuta vimeshatengenezwa. Hakuna aliyeuliza na nani.

Kusuka koili ni kuhesabu, na ukipoteza hesabu unaanza upya. Kwa hiyo akiwa kazini hakuitikia salamu. Watu walimwamkia wakapita zao, naye aliziweka zile salamu mahali fulani kichwani, kisha akimaliza anazijibu moja moja kwa sauti, wenyewe wakiwa wameshafika sokoni. "Marahaba, muuza mkate. Marahaba, mke wa seremala, na mguu je?" Wageni walidhani akili zimemruka kidogo. Sisi tulijua kwamba salamu yako haikupotea, ila iko foleni.

Kisha vidole vyake vikaanza kufa ganzi. Vilianza viwili vya mkono wa kulia, vikafuata vingine. Waya wa mota ndogo ni mwembamba kama unywele, na yeye hakuuhisi tena. Akawa anaupitisha kwenye midomo ili ajue uko wapi. Jioni midomo ilimwasha, na mabega yalikuwa mazito kama si yake. Alitamani kupumzika, na aliyemzuia alikuwa binti yake.

Binti huyo hupokea wagonjwa kwenye zahanati, na mumewe ni dereva wa lori la saruji. Walipooana, Mama Koili aliwapa mashine ya kufulia aliyoiokota ikiwa bati tupu, akaifufua. Kila ilipokwama alikwenda na mkoba wake. Aliamini kwamba bei ya mashine ya dukani hawaiwezi, na kwamba mgongo wa binti, tangu uzazi wa mwisho, hauwezi kuinamia beseni.

"Nikiacha mimi, mwanangu anarudi kwenye beseni," alimwambia jirani yake mshonaji. "Acha nijikaze."

Mshonaji akainamia cherehani. Alikuwa anajua la upande wa pili, na alikuwa ameapishwa asiseme.

La upande wa pili ni hili: binti alikuwa ameshanunua mashine mpya. Ile ya zamani ikianza kukamua nguo ilitembea. Ilitoka kwenye kona ya bafu ikaenda hadi mlangoni, na dereva wa lori ikambidi aikalie kama punda mpaka imalize. Siku moja ilimtupa. Hapo wakakubaliana. Lakini kumwambia mama kukawashinda. "Mama anaamka kwa ajili ya vitu vibovu vya watu," binti alisema. "Nikimwambia simhitaji tena, ataamka kwa ajili ya nini?" Ya zamani wakaiweka uani, na kwa kuwa ilikuwa na mfuniko mzuri, wakaifanya ya kuhifadhia mkaa.

Jumamosi moja simu ya binti ikalia.

"Nimepata mkanda wa mashine yako. Nakuja kuufunga."

"Lini, mama?"

"Niko kituoni hapa, nashuka."

Nyumba ile ikapata kichaa. Dereva aliivuta mashine mpya hadi chumbani, akaifunika shuka, akaweka juu yake pasi na madaftari ya watoto ionekane meza. Kisha akaibeba ya zamani kutoka uani, akaifuta vumbi kwa fulana yake mwenyewe na kuisimamisha kwenye kona yake. Mama mkwe aligonga mlango yeye akiwa bado anahema. Aliifuta nje tu.

Mama Koili hakuwa mtu wa kuanza na chai. Alikwenda moja kwa moja bafuni, akachuchumaa. Kabla ya kugusa bisibisi, siku zote huzungusha pipa la ndani kwa mkono na kulisikiliza. Akalizungusha, likalia kwarakwara kama njuga. Akafunua, akaingiza mkono, ukatoka mweusi hadi kwenye kifundo.

Akauinua ule mkono wauone.

"Mwanangu, siku hizi mnafua mkaa?"

Binti alisimama mlangoni. Mumewe, ambaye barabarani madereva wenzake humpisha, alijitosa kumwokoa.

"Ni wa dharura tu, mama."

"Dharura ya nguo gani, mkwe wangu? Nyeusi?"

Mama Koili alikichagua kipande kimoja, akakigonga na kingine. "Tena umekauka vizuri," akasema. Akauinamisha uso, na sauti yake ilipotoka tena haikuwa na mzaha. "Mpya iko wapi?"

Walimpeleka chumbani. Aliondoa pasi, akaondoa madaftari, akavuta shuka. Mashine ilikuwa nyeupe na safi. Binti akaanza kulia.

"Nilidhani utaona tumekutupa, mama."

Mama Koili aliketi kitandani, akamnyooshea ule mkono wa masizi. "Hebu nibane hapa, kwenye ncha ya kidole."

"Nimebana."

"Bana sasa."

"Nimeshabana, mama. Nabana kwa kucha."

Wakatazamana. Binti alikigeuza kile kidole, akaiona alama ya ukucha wake iliyozama kwenye ngozi, na mama hakuwa hata amekunja uso. Akauliza tangu lini. Akaambiwa.

"Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unajitesa kwa ajili yangu?"

"Na wewe ulikuwa unahamisha mashine kwa ajili yangu."

"Samahani," dereva alisema kwa upole, mkono kiunoni. "Anayehamisha ni mimi."

Kicheko kilianzia kwa Mama Koili. Kilikuwa cha chini, cha tumboni, kikamtikisa hadi masizi ya mkononi yakachafua shuka, kisha kikawachukua wote watatu. Mtu akiwapita dirishani angedhani wameletewa habari ya mtoto.

Aliomba aione ikifanya kazi. Waliirudisha bafuni, wakaijaza nguo, akaisogezea sikio. "Mbona haisemi?" Akaizunguka akitafuta skrubu, akapapasa mgongo wake uliofungwa kotekote. Vitu vipya amevisema vibaya maisha yake yote, na mpaka leo hajabadili neno. "Hii ikifa hamtaona pa kuingizia bisibisi. Itazikwa nzima."

"Tutanunua nyingine, mama."

Jibu kama hilo zamani lingeleta ugomvi wa wiki nzima. Safari hii alishusha pumzi ndefu.

"Haya," akasema polepole, kama mtu anayetua ndoo kutoka kichwani. "Nunueni."

Nguo zikiendelea kukamuliwa, akarudi chumbani, akalala usingizi juu ya kile kitanda, na mkoba wake haujafunguliwa.

Wiki iliyofuata alipita nyumba hadi nyumba akirudisha vya watu ambavyo hakuvigusa, na kuwaomba radhi. Nyumba kadhaa alikuta feni mpya inazunguka sebuleni, na mwenyewe amesimama mbele yake akijaribu kuificha kwa mwili. Walikuwa wakimpelekea vibovu kwa sababu waliona vibaya kuacha. Kila mahali aliwapungia mkono wasihangaike, akatoka akiwa mwepesi zaidi. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyekataa kabisa mambo ya dukani. Huyo Mama Koili alimwelekeza kwa fundi wa karibu na soko, akimwonya kwamba fundi mwenyewe anahesabu huku anaongea.

Siku hizi Mama Koili anaishi kwa binti yake, katika chumba cha nyuma kinachotazama uani, na akiamkiwa huitikia papo hapo.