Siku Nilipochambua Michezo ya Video Redioni Beni

Kama umesikia habari ya kijana aliyesema redioni, kule Beni, kwamba jambo kubwa katika mchezo mpya wa mpira ni majani ya uwanja, usihangaike kuuliza alikuwa nani. Ni mimi. Nilinyamaza nikidhani watu watasahau, lakini juzi mama mmoja sokoni alisikia sauti yangu, akaweka kapu chini, akaniangalia usoni (nilijifanya nachagua vitunguu), kwa hiyo naona afadhali niieleze mwenyewe kabla wengine hawajaiongezea pilipili.

Mimi nimesoma agronomia. Diploma yangu iko ndani ya plastiki juu ya kabati, na tangu nimalize masomo nilikuwa nyumbani Butembo nikiandika maombi ya kazi na kuyasoma tena baada ya kuyatuma, nikitafuta makosa ambayo sikuweza tena kuyasahihisha. Ombi moja lilienda kwenye redio ya Beni iliyokuwa inatafuta mtu wa kipindi cha wakulima, mambo ya kakao na kahawa. Hiyo kazi niliitaka kweli. Baba alikuwa ameshasema kwamba redio ikinikataa nitaenda Oicha kukaa dukani kwa mjomba, na alilisema mbele ya mjomba mwenyewe, yaani hakukuwa na rufaa.

Basi simu ikalia.

"Allô, ni Kambale?"

"Ndiyo, ni Kambale."

"Kambale wa Butembo?"

"Ndiyo."

"Bon, ni Directeur wa redio hapa Beni. Kesho saa nane ukuwe hapa, mu émission, kipindi ya bajeune. Ile salon, maonyesho kubwa ya michezo ya video kule Ulaya, imeisha, batu banataka avis yako, mawazo yako juu ya bile bitu balitangaza. Ni direct, batu banasikia palepale. Uko prêt?"

Mtu mwenye akili iliyotulia angeuliza swali moja dogo: mbona mimi? Lakini akili yangu haijawahi kutulia hata nikiwa usingizini. Nilifikiri: mkurugenzi wa redio hawezi kumwita mtu wa kakao aongee juu ya michezo ya video bila sababu, kwa hiyo sababu ipo, kwa hiyo ni mtihani, wanataka kuona kama naweza kusimama mbele ya mikrofoni na jambo nisilolijua, na nikiuliza swali nitakuwa nimeshaanguka mtihani wenyewe. Yote hayo niliyafikiri kabla hajamaliza kukohoa.

"Niko prêt, Directeur," nikasema, yaani niko tayari.

(Kwetu mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale, nyumba hadi nyumba. Ukiita jina hilo katikati ya soko la Butembo, sehemu kubwa ya wanaume watageuka. Hilo nalijua tangu kuzaliwa. Siku ile tu ndiyo halikunijia kichwani.)

Nilimwambia mama peke yake, nikamwomba asimwambie mtu. Kabla ya jioni kwaya yake nzima ya kanisani ilikuwa inajua, na mama mmoja alikuwa ameahidi kuleta redio yake kubwa kwenye mazoezi ili wasikilize pamoja.

Mimi nikakaa na simu kutafuta hayo matangazo. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, picha zilikuwa ndogo, na wale wazungu walikuwa wanaongea kwa furaha na haraka kama watu wanaouza dawa ya panya. Nilichokamata ni vitu vitatu: mchezo mpya wa mpira, mchezo mpya wa vita, na mchezo wa kulima shamba. Nikaona vinatosha. Mtu wa michezo hajui mengi zaidi ya hapo, nilijiambia, anaongea tu kwa uhakika.

Kesho yake nilitoka Butembo nimevaa shati jeupe, tai na koti la suti, kwa sababu kwetu ni baridi na kwa sababu niliwaza kwamba hata redioni mtu anasikika kama amevaa koti. Nilisahau kwamba Beni ni joto. Nilishuka kwenye pikipiki mbele ya redio shati limeganda mgongoni kwa jasho, na koti sikuweza kulivua tena.

Mtangazaji, binti anayeitwa Masika, alinipa kiti na glasi ya maji, akaniambia, "Hapana ogopa, Kambale. Bajeune banakupenda sana, banasema weye njo unajua mambo." Nilijiuliza vijana hao wamenijulia wapi. Nikaamua kwamba hata hilo ni sehemu ya mtihani.

Taa nyekundu ikawaka.

"Tuanze na mupira," Masika akasema. "Uyu mupya, mara hii balibadilisha nini?"

Nilikumbuka picha moja tu, ya mchezaji anaanguka na majani yanaruka. Nikasema, "Majani." Akaniangalia. Nikaendelea, nikasema zamani uwanja ulikuwa kama zulia, sasa unaona jani moja moja, linakanyagwa linalala, na ukitazama vizuri udongo wake una maji ya kutosha. Masika akasema, "Ah bon," akaruhusu simu ya kwanza.

Alikuwa mwenye salle ya jeux wa pale pale Beni, yaani chumba chenye mashine ambapo watoto hulipa kucheza michezo ya video. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mzigo moyoni. "Kambale, ndugu yangu, miye nauliza kitu moja. Uyu mupira mupya utaingia mu mashine yetu ya zamani, ao batatulazimisha kununua mupya?"

Jibu la kweli lilikuwa "sijui". Ni neno fupi sana. Lakini mtihani haujibiwi sijui, na yule mtu alikuwa anangoja kwa namna ambayo sikuweza kumvunja moyo, kwa hiyo nikasema, "Utaingia, grand, kaka yangu. Bila shida."

Ndipo simu zikaanza kumiminika. Mmoja akashukuru Mungu. Mwingine akasema alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kumuuzia mashine zake, sasa anaziacha. Nyuma yake zilisikika sauti za watoto wakishangilia, na mimi, badala ya kuogopa, nikatabasamu (ndiyo, nilitabasamu) kama mtu aliyezitengeneza hizo mashine mwenyewe.

Juu ya mchezo wa vita nilisema sisi huku bunduki tunazisikia bila kununua mchezo, na mimi binafsi huo siutaki. Hapo Masika akatikisa kichwa taratibu kukubali. Nafikiri ndiyo maoni pekee ya kweli niliyotoa mchana ule, na ningeinuka wakati ule ningekuwa mtu wa heshima hadi leo.

Sikuinuka. Ulibaki mchezo wa shamba, na shamba ndilo langu. Nilieleza kwamba nimeona kwa macho yangu mti wa kakao unapandwa na kuzaa siku chache baadaye, juani, bila kivuli hata cha mgomba, na kwamba waliotengeneza mchezo huo waje Oicha waone mti halisi unavyolelewa, unavyokatwa matawi, matunda yaliyooza yanavyoondolewa kabla ugonjwa haujaenea. Niliongea na kuongea. Nyuma ya kioo Directeur alitokea, akasimama, akakuna kichwa.

"Donc, kwa ufupi," Masika akasema, "ni muchezo muzuri?"

"Hawaweki mbolea," nikasema.

Akachukua simu nyingine haraka.

"Bonjour, Masika. Ni miye, Kambale."

"Kambale gani?"

"Kambale wa Butembo. Wa salle ya jeux."

Masika akaniangalia. Mimi nikaangalia glasi ya maji.

"Nasikiliza émission yenu," sauti ikaendelea, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua. "Kwanza, bale ba mashine ya zamani basifurahie. Balisema wazi, mupira mupya hauingie mule. Pili, nilikuwa nauliza: uyu mwenye uko naye pale, ni Kambale gani?"

Nikasogea kwenye mikrofoni.

"Miye ni... Kambale wa agronomie."

"Aaa. Donc ni weye. Miye Directeur alinipigia simu, ati nikuye Ijumaa kwa kazi ya kuongea juu ya kakao. Nilishangaa, mais nikaitika."

"Juu ya nini uliitika?" nikamuuliza sababu, kama vile nina haki.

"Na weye, ndugu, juu ya nini uliitika?"

Masika aliinama chini ya meza. Nilidhani ameangusha kitu, kumbe anacheka. Directeur aliweka muziki.

Ofisini alinionyesha simu yake: Kambale Butembo, na chini yake tena Kambale Butembo. Aliomba radhi kwa hilo, mtu mzima, na mimi nikapata nguvu ya kusema kwamba kazi ya kakao ndiyo yangu, ndiyo niliyoisomea, na naweza kurudi Ijumaa.

"Kambale," akasema, "uliongea muzuri. Njo hiyo inaniogopesha. Ule baba wa mashine alikuamini."

"Mais kakao najua, Directeur."

"Najua unajua. Miye nitatambua je siku yenye unajua na siku yenye haujue? Kwa sauti yako ni kitu moja."

Nilitafuta jibu njia nzima ya kurudi Butembo. Nyumbani kwaya ilikuwa imeshatawanyika, na mama aliniwekea chakula bila kuuliza kitu, jambo ambalo kwa mama yangu ni kama kulia kwa sauti. Yule Kambale mwingine alimpigia Directeur mwenyewe na kumwambia kwamba kakao anaijua kwa kuila tu, na sasa nasikia ana kipindi chake cha michezo. Mimi niko Oicha, dukani kwa mjomba, kati ya sabuni na misumari.

Tangu hapo nimeapa mambo mawili. Nisichokijua nakisema sijui, hata mteja akiniuliza kama mvua itanyesha. Na sijibu tena ndiyo kwa mtu yeyote anayenipigia simu kabla sijauliza anamtaka nani hasa. Wiki iliyopita iliita namba nisiyoijua, sauti ya mwanamke, laini ina kelele.

"Allô, ni Kambale?"

"Unatafuta Kambale gani?" nikauliza.

"Ule mwenye nilizala," akasema mama yangu.