Gari la Nyuzi

Ule uji wa bodi ya gari ulinidondokea mkononi ukiwa unawaka. Sikujua gari linaweza kuyeyuka. Bati ukilichoma linakuwa jekundu, rangi inababuka, basi. Hili liliwaka kama mshumaa, moshi mweusi ukajaa gereji yetu nzima pale Gerezani, na nilipojaribu kuufuta ule uji, ngozi ikatoka pamoja nao.

Yalikuwa magari mawili ya mashindano, mali ya Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Madogo, mepesi, watu wanne tunainua moja na kulisogeza. Miaka ile vipuri hakuna, petroli ya foleni, naye akataka abaki na moja tu. Jekundu lilikuwa na bodi ya alumini, ukiikandamiza kwa dole gumba inabonyea. Injini yake ililia vizuri sana, lakini kwenye kona linakuvuta nje, unapigana na usukani. La kijani halikuwa na makelele. Kona ya kule relini lilikuwa linaikata utadhani limeshikwa mkono.

Nilimwambia yule Mhindi waziwazi, "Bwana, jekundu la kutazama, kijani la kuendesha."

Akacheka. Akasema basi, la kijani ndilo lake.

Yote mawili chasi zilikuwa zimepasuka. Jekundu tulilichomelea bodi ikiwa juu yake, halikupata kitu. Siku ya la kijani, yule Mhindi alipita asubuhi nikiwa nimefuata mtungi wa gesi. Akamwambia msimamizi wetu, nilikuja kujua baadaye, kuwa bodi ile ni ya nyuzi za kioo, inashika moto, ifunguliwe kwanza. Niliporudi nikakuta maneno hayo yamegeuzwa mzaha.

"Mhindi wako anasema gari lake la nyuzi," msimamizi akaniambia.

"Nyuzi gani?"

"Kamuulize. Muuza vitambaa, kwake kila kitu nyuzi. Labda tulipeleke kwa fundi cherehani."

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka.

"Sasa bodi tuifungue?"

"Ya lile jekundu uliifungua? Washa gesi, ndugu, usinicheleweshe."

Nikawasha.

Mwenye gari alipokuja akaambiwa na msimamizi kuwa nilikuwa navuta sigara, ndiyo iliyowasha moto. Mimi niko hospitali, mkono umefungwa, wa kunisemea hakuna. Sigara sijaitia mdomoni maisha yangu. Wale waliocheka walisikia kila neno, wakainamia spana zao. Nilipopona, gereji zote kuanzia Gerezani mpaka Ilala nilikuwa "yule wa sigara", na kazi sikupewa. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Na yule Mhindi, niliyekuwa nazungumza naye magari hadi chai inapoa, akawa anapishana nami njiani hanisalimii. Hilo liliniuma kuliko vidole.

Msimamizi yupo. Ana gereji yake Ilala, vijana wanamwamkia shikamoo, anaitikia. Mimi sitaki pole yake. Nataka asimame mbele ya wale wale waliocheka ajibu: asubuhi ile uliambiwa nini kuhusu lile gari, na nani alisema niwashe gesi?