Mtoto Aliyekataa Jina

Mimi si mtu wa kuogopa mizimu. Ni muuguzi wa watoto wachanga hapa Bukavu, na anayeniletea habari za wachawi namwonyesha mlango. Lakini mtoto yule alinitisha.

Alikuwa na siku tatu. Kilio chake kilikuwa chembamba, cha juu, hakikatiki. Alitetemeka, akapiga chafya na miayo kama mzee aliyechoka, wala hakufumba macho. Homa hakuwa nayo. Tulimweka kwenye mashine ya joto chini ya taa kali, mbali na mama yake, kama tulivyozoea. Wanawake wengine wodini waliwageuza watoto wao wakaelekea ukutani.

Bibi yake, aliyekuja na binti yake, mama wa mtoto, kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Luhwindja, alisema mtoto anakataa jina. Katika ukoo wao, mtoto wa kilio hutajiwa wafu mmoja mmoja, na akisikia jina lake hunyamaza. Nikamwambia hapa ni hospitali. Akaanza hivyo hivyo, mchana kweupe, kwa sauti ya chini, na mimi, kwa aibu yangu, nikasimama kusikiliza.

Alipotaja jina la sita, umeme ulikatika. Taa ikazimika, mashine zikanyamaza. Mtoto naye akanyamaza.

Nywele zilinisimama. Nikamgeukia mama wa mtoto kitandani kwake, ng'ambo ya wodi, ambaye hakuwa amesema neno tangu ajifungue. Alikuwa analia. Nikamuuliza aliyetajwa ni nani.

“Ni kaka yangu,” akasema. “Alikufa mu shimo. Ni yeye alikuwa ananipatia tramadol, dawa ya maumivu, juu mugongo ilikuwa inaniuma tukibeba mawe. Nilikunywa mpaka siku ya kuzala. Maman, musininyanganye mutoto.”

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini angemwambia nani, mimi ninayefoka? Kumbe mwili wa mtoto ulikuwa unalilia kidonge ulichozoea tumboni, na kilichomtuliza ni kuzimika kwa taa kali na kelele za mashine. Bibi alisema ni mjomba. Sikubishana naye, na hata leo sina hakika kama alikosea.

Tulifunika dirisha kwa kitenge, tukamfunga mtoto kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Daktari alimpa matone ya morfini, akiyapunguza kidogo kidogo. Wiki ya pili mtoto akalala usingizi wa kweli, na mama yake akacheka. Mimi nilijifungia stoo nikalia, kwa sababu kilio kile nilikuwa nimekisikia kabla, kwa watoto wengine, na kila mara nilimpokonya mama mtoto wake nikamweka chini ya taa, mpaka mtoto akanyamaza, asiamke tena.